Dume D-9

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, kichwa cha tezi ya kwanza kilikatika shingoni bila kupasuka. Asumpta Mbunda aliandika alama moja kwenye daftari, akasogeza kioo cha hadubini, akaigusa tezi ya pili kwa ncha ya sindano. Nayo ikakatika. Ilipofika saa tatu kasorobo alikuwa amegusa tezi mia moja kutoka kwenye mimea ishirini, na tisini na nne zilikuwa zimekatika mahali pale pale. Alipima vipenyo vya vichwa. Wastani ulikuwa mikroni mia na kumi na tatu. Akaweka sindano chini, akanawa mikono, akakaa kitini kwa muda wa dakika moja. Hiyo ndiyo sherehe aliyojifanyia.

Ua la bangi lililokomaa, ukilitazama kwa macho matupu, utadhani limenyunyiziwa sukari ya unga. Chini ya hadubini ile sukari inageuka msitu. Kila mti wa msitu huo ni tezi moja yenye kikonyo na kichwa cha mviringo, mfano wa pini ya fundi cherehani, na utomvu wote unaotafutwa na watu umo kichwani. Wanaoukamua bila kemikali huyasukasuka maua ndani ya maji ya barafu ili vichwa vikatike, kisha huvichekecha. Shingo ikiwa ngumu, kichwa hakitoki. Kichwa kikiwa kidogo, kinapita kwenye matundu na kupotea. Anayetaka kuzalisha mbegu kwa ajili ya kazi hiyo hutafuta vitu viwili tu: kichwa kikubwa na shingo inayokatika, na avipate kwa kila mmea unaoota, si kwa mmoja kati ya kumi.

Asumpta alivitafuta kwa miaka minne, katika ghala lisilo na madirisha huko North York, Toronto, ambako bangi ni zao halali lenye leseni, nyuma ya karakana ya vioo vya magari.

Jike halikumsumbua. Mmea namba 417 ulijitangaza wenyewe mwaka wa kwanza. Kila aliyeutazama aliona. Kazi ilikuwa dume. Dume la bangi halina cha kuonyesha. Tezi zake ni chache na ndogo, zimetawanyika kwenye maua yasiyokuwa na thamani kwa mnunuzi yeyote, na hakuna kipimo cha hadubini kinachoweza kusema limebeba nini. Dume hujulikana kwa mabinti zake. Unachukua chavua yake, unalipandishia jike, unaotesha mbegu, unangoja miezi minne mabinti watoe maua, ndipo unahesabu tezi zao. Wakati wote huo lile dume unalitunza hai chini ya mwanga mrefu ili lisichanue, kwa sababu ukilitupa kabla mabinti hawajasema, na mabinti wakasema vizuri, hutalipata tena.

Alikuwa na madume kumi na moja kwenye kabati namba mbili la kuoteshea mimea. Alipima mabinti wa kila dume, sitini kwa sitini, mizunguko mitatu. Kumi kati ya hayo hayakuwa na kitu. La tisa, lililoandikwa D-9, lilikuwa mmea mwembamba wenye majani yaliyopinda kama yamebabuliwa, na mabinti zake ndio hao waliokuwa wakikatika shingoni asubuhi ile, tisini na nne kwa mia.

Aliomba chupa za kuhifadhia chembe hai za D-9 ili liwe na nakala. Mwenye kampuni akamwambia mwakani. Chavua ya mwisho iliyokuwa hai kwenye friza ilitumika Machi na iliyobaki ilishakufa. Mbegu zilizokuwapo, za 417 na D-9, zilikuwa elfu mbili na mia sita; zingetosha majaribio ya serikali na si zaidi. Mbegu za kuuzia wakulima zingezalishwa Januari.

Katika mkoba wake mlikuwa na barua iliyokaa humo tangu Septemba. Ilitoka kituo kimoja cha utafiti wa matunda kusini mwa Ontario. Walimtaka awe mtafiti wa mbegu, kwa sharti moja: athibitishe kwamba ametajwa kuwa mgunduzi wa walau aina moja ya mmea katika maombi yaliyopokelewa na serikali kabla ya tarehe 15 Novemba. Shahada yake ya uzamili ya Morogoro waliikubali. Miaka yake tisa ya korosho kule Mtwara hawakuwa na namna ya kuihesabu, maana aina mbili alizozishughulikia zilisajiliwa kwa jina la kituo na jina la mtu halikuwapo. Sasa aina ya tatu, hii ya 417 na D-9, ilikuwa ikiombewa haki ya ugunduzi serikalini. Fomu ingepelekwa Ijumaa. Alichohitaji ni mstari mmoja katika fomu hiyo, penye neno mgunduzi, uandikwe Asumpta Mbunda.

Jumatano saa nne asubuhi wakili wa kampuni alikuja ghalani. Aliitwa Naqiya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na majina ya vyakula. Baada ya hapo aliendelea kwa Kiingereza. Alikuwa amesoma madaftari yote saba ya kazi, kurasa elfu moja na mia nne, na alikuwa amebandika vipande vya karatasi ya njano pembeni.

"Hati nzuri sana," alisema. "Nimewahi kusoma madaftari ya maprofesa, nikatamani kulia. Haya nimeyasoma kama gazeti."

"Asante."

"Nina swali moja. Ni nani aliyemchagua D-9?"

"Mimi."

Naqiya alifungua daftari la nne, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, akaligeuza. "Hapa ndipo dume linapochaguliwa. Soma chini."

Chini ya kila ukurasa palikuwa na mistari miwili ya saini. Wa juu ulisema: aliyefanya kazi hii. Wa chini ulisema: aliyesoma na kuelewa, shahidi. Kwenye mstari wa juu palikuwa na saini ya Nadim, mwenye kampuni. Kwenye mstari wa chini palikuwa na saini ya Asumpta.

"Zote ziko hivyo," Naqiya alisema. "Nimeangalia. Kuanzia ukurasa wa kwanza."

Asumpta hakuhitaji kuangalia. Aliikumbuka Ijumaa ya kwanza, Oktoba 2021, na alikumbuka kwamba hakuna aliyemlaghai.

Kule Mtwara mkuu wa idara alisaini juu. Mtafiti alisaini chini yake. Ndivyo barua, ripoti na taarifa zote zilivyotoka, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba mkuu ndiye aliyeshinda juani akihesabu maua ya mikorosho. Saini ya juu ilikuwa heshima, na kazi kila mtu aliijua ni ya nani. Ijumaa ile ya kwanza Nadim alikuja na mama yake, Bi Zebunissa, aliyezaliwa Tanga na kuletwa Toronto mwaka 1974 akiwa na mume, watoto wawili na cherehani. Bi Zebunissa alikuja na chupa ya chai ya maziwa na mfuko wa chevda, vitafunio vya Kihindi. Asumpta alimwamkia, akaitikiwa marahaba mwanangu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile alihisi kwamba anajua adabu za chumba alichomo. Akamsogezea Nadim daftari kwa mikono miwili.

"Nisaini wapi?" Nadim aliuliza.

"Hapo juu, bosi."

Maneno yalikuwa yake. Kiingereza cha mistari ile alikijua vizuri, na alikisoma, na alikipita, kwa sababu mkono wake haukuweza kuandika jina lake juu ya jina la mkubwa mbele ya mama wa huyo mkubwa. Baada ya hapo ikawa desturi. Kila Ijumaa chai, chevda, daftari, saini. Ijumaa mia mbili na kidogo.

"Mwandiko ni wangu," alimwambia Naqiya. "Kurasa zote. Vipimo vyote."

"Naona. Lakini hata katibu huandika. Atakayesoma maombi haya hatatazama mwandiko, atatazama saini, na saini zinasema wewe ulishuhudia." Naqiya alifunga daftari taratibu. "Inarekebishika. Nadim aniandikie barua fupi kwamba kazi ni yako, nami nibadilishe jina kwenye fomu. Dakika kumi. Au mtu mwingine aliyekuwepo aandike alichokiona. Ila kumbuka, mimi ni wakili wa kampuni. Ikifika mahali mnabishana, siwezi kukushauri wewe."

"Hatubishani."

"Vizuri," Naqiya alisema, na akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Nadim alikuwa ofisini kwake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mnene, mpole, mwenye mazoea ya kuongea na simu mbili. Kiswahili alikifahamu cha jikoni kwa mama yake na alipenda kukitumia. Asumpta alimweleza akiwa amesimama. Alieleza kwa mpangilio: mistari, maana yake, kosa lake mwenyewe, barua inayotakiwa.

Nadim alisikiliza. Kisha akasema, "Dada Asumpta, kaa kwanza."

Akakaa.

"Mwaka ishirini na moja, nani alisema tutafute kichwa kikubwa?"

"Wewe."

"Nani alisema tuachane na mambo ya harufu, twende kwenye utomvu?"

"Wewe."

"Ijumaa gani sikuja?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Mbili. Ulipofanyiwa operesheni ya goti."

"Unaona. Mimi nilikuwepo." Alisema hivyo bila hila, kama mtu anayetaja umri wake. "Hawa waliotuwekea mtaji, nimewaambia toka mwanzo, hii ni kazi yangu, ndoto yangu. Sasa Ijumaa niwapelekee fomu ina jina lingine? Wataniuliza, wewe Nadim ulikuwa unafanya nini?"

"Ulikuwa unasaini," Asumpta alisema.

Nadim alicheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Nina kitu kwa ajili yako. Ile mbegu tunahitaji jina la sokoni. Nimefikiria tuiite Asumpta. Jina lako kwenye kila pakiti, nchi nzima. Unasemaje?"

"Jina la pakiti si jina la mgunduzi."

"Lakini watu wataliona. Fomu nani anaiona?"

Alimshukuru. Hilo nalo lilimtoka lenyewe, kwa desturi, na aliposhika kitasa cha mlango ndipo alipolisikia.

Jioni, katika ghorofa ya tisa huko Weston, mume wake Elias alikuwa akimenya viazi. Elias alitengeneza breki za treni za uwanja wa ndege na kwa sababu hiyo alikuwa na heshima kubwa kwa fomu.

"Ngoja nielewe," alisema. "Wewe msomi wa nyumba hii. Mimi nikibadilisha boliti moja nasaini mara tatu. Fundi, mkaguzi, msimamizi. Siku moja msimamizi alisaini kwangu kwa bahati mbaya, nikamrudisha kutoka kwenye gari lake. Na wewe umempa mtu kurasa elfu?"

"Elfu moja na mia nne."

"Asante kwa kunisahihisha."

"Mama yake alikuwa amekaa pale, Elias. Na chai yake. Ningefanyaje, nimwandikie mwanawe chini?"

"Ungemwandikia chini. Mama angemaliza chai." Akatia viazi majini. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Huyo mama aliona lakini. Si alikuwa anakaa saa nzima?"

"Saa nzima na zaidi."

"Basi nenda kwake. Mbebee kitu."

Alhamisi alasiri Asumpta alikwenda Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na nne, akiwa na kilo mbili za mihogo iliyogandishwa kutoka duka la Wakongo, kwa kuwa Bi Zebunissa aliwahi kusema mihogo ya Toronto haina wanga na ile ya Wakongo tu ndiyo inayosameheka. Bi Zebunissa alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na miaka sabini na tisa na masikio makali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huyo fundi treni hakulishi?"

"Ananilisha viazi."

"Viazi ni vya wagonjwa. Ingia."

Walikunywa chai. Bi Zebunissa aliuliza habari za ghala kama kawaida yake, na aliuliza vizuri, kwa sababu katika miaka minne alikuwa amejifunza zaidi ya mwanawe. Ni yeye aliyeinama kwenye hadubini mwaka wa pili, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Shanga. Mtu kamwaga shanga." Ni yeye pia aliyelipa D-9 jina. Alisimama mbele ya kabati akayatazama madume kumi na moja, Asumpta akamweleza kwamba hayasemi lolote mpaka mabinti waseme, naye akaelekeza kidole kwenye ule mmea mwembamba: "Huyu basi ni Mkimya. Wanaume wa Tanga walikuwa hivi. Unamwona hana maana, unakuja kuona watoto." Asumpta alicheka siku ile, akaandika Mkimya kwa penseli kwenye chungu.

"Mama," alisema sasa, "Mkimya unamkumbuka?"

"Nitamsahau vipi? Mabinti zake wanaendeleaje?"

"Tisini na nne kwa mia."

"Mashallah." Bi Zebunissa aliweka kikombe chini. "Nadim kajua?"

"Nimemwandikia. Mama, nani aliyemchagua Mkimya?"

Mtu mwenye masikio makali husikia swali kabla halijaisha, na lile alilisikia lote.

Asumpta alimweleza. Hakulalamika. Alisema fomu inakwenda kesho, na sentensi mbili tu zingetosha, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, za mtu aliyekuwepo: kwamba alimwona Asumpta akipima, akichagua, akiandika, na kwamba Nadim alisaini tu. Akatoa kwenye mkoba karatasi tupu na kalamu, akaviweka juu ya meza, mbali kidogo na vikombe.

Bi Zebunissa aliitazama karatasi.

"Nilipofika nchi hii," alisema, "baba yake Nadim alikuwa na shahada ya uhasibu. Walimpa kazi ya kufagia stesheni. Alifagia miaka sita. Nadim alikuwa anapelekwa shule na baba mwenye ufagio. Unajua watoto wanasema nini?"

"Naweza kufikiri."

"Sasa kila Ijumaa nakaa pale namwona mwanangu anasaini kitabu cha sayansi. Unadhani mimi nilikuja kunywa chai?"

"Mama, lakini kazi uliiona ni ya nani."

"Niliiona." Alisema waziwazi, akimtazama usoni. "Mungu ananisikia, niliiona. Ukiniuliza wewe, hapa, nitakwambia kila siku. Lakini karatasi hiyo itasomwa na nani? Itasomwa na Nadim. Itasomwa na wale wenye mtaji wake. Mama mzazi kaandika kwamba mwanawe mwongo. Mimi nina miaka mingapi ya kuishi na maneno hayo, mwanangu? Wewe una miaka mingi. Utapata dume lingine."

"Sitapata lingine kabla ya tarehe kumi na tano."

"Basi nisamehe."

Akausukuma mfuko wa chevda upande wa Asumpta, kama alivyozoea. Asumpta alikula kidogo, kwa kuwa kukataa kungekuwa utovu wa adabu, akairudisha karatasi mkobani. Mlangoni Bi Zebunissa alimshika mkono asiuachie upesi. "Kesho Ijumaa utakuwepo?"

"Kazini nitakuwepo, mama."

Ijumaa tarehe 7 Novemba, saa nane na nusu mchana, Nadim alisaini fomu ofisini kwake mbele ya Naqiya. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ukurasa wa pili, penye neno mgunduzi, palikuwa na jina la Nadim. Ukurasa wa tano ulieleza asili ya aina hiyo: mbegu hupatikana kwa kupandisha jike 417 na dume D-9, na lazima wazazi wote wawili watunzwe hai ili mbegu zizalishwe tena kila msimu. Asumpta aliujua ukurasa wa tano kwa sababu aliuandika yeye. Saa tisa na dakika tano serikali ilituma namba ya kupokea maombi. Watu wa ofisini walipiga makofi. Bi Zebunissa hakuja siku hiyo. Nadim alisema anaumwa mgongo.

Jumamosi Asumpta alikiandikia barua kile kituo cha matunda, aya moja, akiwaarifu kwamba sharti halikutimia. Walimjibu Jumatatu asubuhi kwa ukarimu, wakamtakia heri.

Jumatatu hiyo hiyo, saa sita na robo mchana, Nadim aliingia chumba cha tatu cha ghala, penye makabati, akiwa na simu moja sikioni na nyingine mkononi. Alimaliza ya sikioni.

"Dada Asumpta. Hili kabati namba mbili lina nini siku hizi?"

"Madume."

"Bado tu? Mangapi?"

"Kumi na moja."

"Jumatano inakuja ile mashine ya kukaushia, na hapa ndipo penye umeme wake. Toa yote."

Asumpta aliweka koleo chini. "Yote?"

"Yote. Dume moja likichanua humu ndani, maua yote yatajaa mbegu na utomvu kwaheri. Si wewe mwenyewe ulinifundisha?"

"Ndiyo, nilikufundisha. Na D-9 pia?"

Simu ya mkononi ilitetemeka. Nadim aliitazama, akatabasamu kwa kilichoandikwa pale. "Iwe D-9, iwe D-90, dume ni dume. Sisi hatuuzi madume."

Asumpta alisubiri mpaka Nadim akainua macho.

"Ile fomu uliyosaini Ijumaa," alisema, "umeisoma?"

"Naqiya ameisoma. Ndiyo kazi yake." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Ukimaliza niite nije nisaini. Sheria inataka watu wawili, sivyo?"

"Wawili," Asumpta alisema.

Alisimama mbele ya kabati. Mtu aliyefanya kazi ile kwa kweli asingehitaji kuulizwa hata mara moja, na Nadim alikuwa ameulizwa mara mbili. Lingekuwepo swali la tatu, lenye maelezo ndani yake: kwamba mbegu haziwezi kupatikana tena bila mmea huu, kwamba Januari hakutakuwa na cha kuzalisha, kwamba fomu ya Ijumaa imeombea haki kitu ambacho mzazi wake mmoja anakwenda kusagwa. Alilipanga swali hilo kichwani kwa ukamilifu, kama alivyopanga kila kitu. Kisha akajiuliza shahidi huwa na wajibu wa kueleza nini, akakumbuka maneno ya mstari ule: kusoma na kuelewa. Yeye alikuwa amesoma na alikuwa ameelewa.

Alivaa glavu. Aliyatoa madume moja moja kwa mpangilio wa namba, akakata shina juu ya udongo, akapima, akaandika. D-1, gramu mia tatu na arobaini. D-2, gramu mia tatu na kumi na moja. Alipofika la tisa aliona neno lile la penseli kwenye chungu, limefifia lakini linasomeka, akalifuta kwa kidole gumba. D-9, gramu mia mbili na kumi na mbili. Lilikuwa jepesi kuliko yote. Mashine ya kusagia ilichukua dakika nne kwa mimea yote. Kilichotoka kilichanganywa na mabaki ya kahawa na maji, kama kanuni zinavyotaka, mpaka kisifae tena kwa lolote.

Fomu ya uteketezaji ni ya ukurasa mmoja. Asumpta alijaza tarehe, namba za mimea, uzito wa jumla, njia iliyotumika. Penye sababu aliandika: kwa agizo la mgunduzi wa aina. Chini palikuwa na mistari miwili, wa aliyefanya kazi na wa shahidi. Alisaini wa juu.

Nadim alikuja alipoitwa. Bado alikuwa na simu sikioni. Alikuwa akimwambia mtu kuhusu Januari. Asumpta alimsogezea karatasi kwa mkono mmoja. Hakuisoma. Alitafuta kwa macho mahali palipobaki wazi, akaegemeza karatasi kwenye mlango wa kabati tupu, na saa tisa na dakika ishirini alasiri akasaini mstari wa chini.